Mtaro Niliouziba

Wiki iliyopita mtaro wa mtaa ninakoishi sasa uliziba. Maji meusi yakapanda hadi kwenye ngazi, na wanangu wakatoka wameziba pua, wakinilalamikia kana kwamba mimi ndiye niliyeyaleta. Nikawaambia warudi ndani wafunge madirisha. Mimi nikabaki nje na ndoo mkononi, nikiivuta harufu ile ya sabuni, majivu, mboga zilizooza na mengine ambayo hayatajwi mezani. Ninyi mliokulia kwenye mabanda ya Gatwekera miaka ya tisini mnaijua vizuri. Wengi huichukia kwa sababu inawakumbusha umaskini. Mimi huiogopa kwa sababu nyingine, na nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi vya udongo na mabati, vitano huku na vitano kule, vimetazamana kama watu waliokosana. Katikati ulipita mtaro, wazi, na kila mlango ulikuwa na ubao wa kuvukia. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho. Kilichotutenga na jirani yetu, Mama Kyalo, kilikuwa bati tu, kwa hiyo nilikijua kikohozi chake, redio yake na nyimbo alizoziimba akisokota katani ya kusukia vikapu vya vyondo. Yeye alikuwa Mkamba wa Kitui. Sisi tulikuwa Wajaluo. Mama na yeye walisalimiana asubuhi, wakaombana chumvi au kiberiti, na ikaishia hapo. Kila mtu alikuwa na watu wake.

Baba alikuwa seremala kando ya Barabara ya Ngong. Hakunywa pombe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya namna hii swali lao la kwanza huwa ni chang'aa, utadhani chupa ina mikono. Baba aliimba besi katika kwaya, alitengenezea majirani milango bure, na nguo zake zilinukia maranda na gundi. Nilimpenda sana. Wanawake wa ploti walikuwa wakimwambia mama kwamba amebahatika, na mama alikuwa akikubali.

Kulikuwa na jambo alilolifanya Jumamosi au Jumapili mchana, si kila wiki. Alivua shati, akalikunja polepole mara tatu, akaliweka juu ya sanduku. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Adoyo, beba mtoto, uende utafute maji." Aliniambia hivyo hata kama mitungi yote imejaa. Nilimfunga mdogo wangu Ouma mgongoni, nikachukua mtungi mdogo, nikavuka ubao. Nyuma yangu mlango ulifungwa, na redio za ploti zikaongezwa sauti moja baada ya nyingine. Nilidhani wikendi ndiyo yenye vipindi vitamu.

Foleni ya maji ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilichelewa. Nikirudi, shati la baba limo mwilini, limefungwa vifungo hadi shingoni, na yeye anasoma Biblia mlangoni. Mama anapika. Siku moja jicho lake limevimba, siku nyingine anapumua kwa kujishika mbavu. Nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile, kwamba ameanguka mtaroni. Alinijibu hivyo mimi, akawajibu hivyo akina mama wa kanisa, akamjibu hivyo hata mwanamke wa mtaa wa Kisumu Ndogo aliyemuuzia dagaa wa omena. Mama yangu hakuwa mwongo, kwa hiyo niliamini. Nikaanza kuuchukia mtaro kama mtoto anavyomchukia mbwa aliyemng'ata ndugu yake. Nilikuwa nikiutemea mate kila nikipita.

Kisha nikaamua kuumaliza. Nilikuwa na miaka tisa na akili nyingi, ndivyo mwalimu alivyosema. Kwa wiki nzima, nikitoka shuleni, nilipitia kwenye reli nikajaza mkoba wangu yale mawe ya katikati ya vyuma. Niliyashindilia mtaroni mbele ya mlango wetu. Juu yake nikaweka majivu ya jikoni, matambara, kiatu kimoja nilichokiokota, kisha nikapanda juu nikaruka hadi pakashikana. Sikuwa na nia mbaya na ploti. Nilitaka kipande chetu tu, ili mama akiteleza aangukie pakavu. Siku nilipomaliza nililala na furaha ambayo sijaipata tena kwa kazi yoyote niliyoifanya kwa mikono yangu.

Ijumaa mvua ikanyesha. Maji yalifika kwenye mawe yangu yakakosa njia, yakarudi juu, yakaingia vyumba vya mbele na kila yalichobeba. Magodoro yaliloa. Unga wa mtu ukaharibika. Jumapili, watu walipotoka kanisani, landilodi, mwenye ploti, akaitisha mkutano pale pale uani. Kila mtu alimshuku mwenzake, maneno yakawa makali, hadi mtoto wa chumba cha tatu akasema amemwona Adoyo na mawe.

Nikaitwa katikati. Sikuogopa hata kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja kusifiwa. Landilodi akaniuliza ni nani aliyenituma, nami nikamjibu kwa sauti ile tuliyofundishwa ya kujibu darasani.

"Hakuna. Niliuziba ndio mama asianguke tena."

 Watu wazima zaidi ya ishirini walisimama pale na hakuna aliyenitazama. Wengine walitazama viatu vyao, wengine paa. Mama alikuwa ameinamia Ouma akimfunga shuka ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Aliyecheka kwanza ni baba. Akatikisa kichwa akasema watoto wana mambo, na wengine nao wakacheka, wakishukuru kuonyeshwa la kufanya. Mama Kyalo peke yake hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akakaa amemtazama mama kwa muda mrefu.

Baba akaomba msamaha kwa niaba yangu. Akaingia mtaroni mwenyewe, akatoa mawe yote kwa mikono, na majirani wakasema kweli huyu ni mwanamume wa maana. Alipomaliza alinawa hadi viwikoni. Akaingia ndani. Nikamwona akivua shati.

"Adoyo, beba mtoto."

Niliporudi na maji, bati kati ya nyumba yetu na ya Mama Kyalo lilikuwa limeanguka. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alinieleza. Alisema kwa miaka mitatu alikuwa akinyoosha mkono kuongeza redio, na siku ile mkono ulikataa, kwa sababu mtoto mdogo alikuwa amebeba mawe kutoka reli huku yeye mtu mzima akisikiliza muziki. Akachukua mchi, akalipiga bati hadi misumari ikang'oka, akapita ukutani. Wanawake wengine wakamfuata kupitia shimo hilo hilo. Wote walikuwa wakijua. Kumbe walikuwa wakingoja mtu wa kwanza.

Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umevunjika. Pale zahanati, muuguzi mmoja alimtoa Mama Kyalo nje ya pazia, akamuuliza mama ameumia vipi. Mama akasema mtaro. Muuguzi akaweka kalamu chini, akamwambia ameona watu walioanguka na ameona watu waliopigwa, na kwamba mtu anayeanguka hujikinga kwa viganja. Hakumlazimisha. Alingoja tu, na foleni nje ikazidi kurefuka. Mwishowe mama akasema. Muuguzi akaandika yote kwenye kadi, akamweleza kwamba kadi hiyo ni ushahidi, asiiweke nyumbani. Mama Kyalo akaitia ndani ya kiondo chake.

Wiki zilizofuata baba aliambiwa kwamba mama anakwenda kliniki ya mkono. Kliniki ilikuwa mara moja tu. Siku nyingine mama na Mama Kyalo walikuwa wakizunguka kutafuta mtu wa kuwasikiliza. Polisi wa zamu alimuuliza mama amemkosea nini mumewe, kisha akasema fomu za P3, zile za kuandikia majeraha, zimeisha, aje siku nyingine. Kwa chifu waliambiwa hayo ni mambo ya nyumba. Mzee wa kanisa alimwonya asimchafulie mume jina kwa kwaya. Jamaa wa nyumbani, wale waliokutana kila mwezi kuchangia mazishi, walimwambia akitaka kwenda aende, lakini watoto ni wa baba yao. Kila mahali alipeleka mkono wake wa plasta na kila mahali alirudishwa nao. Nikifikiria hayo nasikia hasira mpaka leo, na siombi radhi kwa hasira hiyo.

Mimi wakati huo nilijua mambo mawili tu. La kwanza, kwamba nilisema mbele ya watu kuwa niliziba mtaro, na mama akavunjika mkono siku hiyo hiyo, kwa hiyo kosa ni langu kwa njia fulani. La pili, kwamba Mama Kyalo ni mnafiki. Kwa maana siku tatu baada ya kuvunja ukuta alisimama uani, mbele ya watu, akamwomba baba msamaha kwa kuingilia nyumba yake. Akamwita mzee. Akakubali kwamba wanawake wana haraka. Baba akamsamehe mbele ya watu hao hao, akaligongomea bati mwenyewe kwa misumari mipya, na majirani wakamsifu tena.

Halafu Jumatano moja nikatoka shuleni nikakuta mlango umerudishwa tu, bila kufuli. Kitanda kimetandikwa. Nguo za Ouma hazipo, kanga ya kumbebea haipo, mama hayupo. Chakula changu kilikuwa kimefunikwa kwa sahani. Nilikaa nikakila chote kwa sababu sikujua la kufanya, kisha nikatapika. Amemchukua Ouma akaniacha mimi. Sikuhitaji mtu wa kunieleza sababu.

Baba alimtafuta kila mahali Mjaluo anapoweza kumtafuta mke wake. Alizunguka Kisumu Ndogo yote, kwa wauza omena, kwa wasusi, makanisani. Alituma ujumbe kwao Siaya. Alikwenda hadi Kariobangi kwa binamu ya mama. Mama Kyalo alimsaidia kufikiri. Kila siku alimpa wazo jipya, mara jaribu kwa dada fulani, mara nasikia kuna Wajaluo wengi Dandora, na baba akaenda. Nilimchukia Mama Kyalo hadi nikaacha kumwamkia.

Na baba alikuwa mwema kwangu. Lazima niseme hilo pia. Alinipikia ugali, akajaribu kunisuka nywele na vidole vyake vya useremala hadi tukacheka wote wawili. Alilia. Sijui kama kuna kitu kigumu kama kumwona baba yako akilia wakati una miaka tisa. Kila siku aliniuliza kwa upole kama mama aliniambia anakokwenda, nami nikasema hapana, na ilikuwa kweli.

Jumamosi ya tatu aliniuliza tena. Nikajibu hapana. Akavua shati, akalikunja mara tatu, akaliweka juu ya sanduku. Nikainuka kuchukua mtungi.

Siku hiyo hakunituma maji.

Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba nikiwa pale chini niliisikia redio ya kwanza ikiongezwa sauti, na ya pili, na nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, tangu siku ya kwanza. Ya Mama Kyalo haikuwashwa. Aligonga mlango akiuliza kama kuna mtu anaweza kumwazima msumeno. Baba akavaa shati akamfungulia.

Jumanne iliyofuata Mama Kyalo alimwomba baba mtoto wa kumsaidia kubeba katani hadi Kawangware na kurudi. Baba akakubali. Tulipanda hadi Barabara ya Ngong, na pale kwenye karakana ya baba Mama Kyalo hakuvuka upande wa pili, alisimama akamsalimia, akamwonyesha mzigo wangu. Baba alikuwa anapiga randa mguu wa meza. Aliniambia niwe na adabu. Tukaendelea. Tulipopita Dagoretti Corner, ndipo Mama Kyalo akaniambia polepole, bila kunitazama, "Adoyo, kule tunaenda utaona mtu. Usilie kwa barabara. Lia ukifika."

Sehemu iitwayo Kongo, ndani kabisa ya Kawangware, kulikuwa na ua ambao wanawake wa Machakos na Kitui walikuwa wakikutania kusuka vyondo. Walikuwa saba au nane juu ya magunia, miguu wamenyoosha, wakisokota katani mapajani na kuongea Kikamba. Nyuma kabisa kulikuwa na mmoja aliyefunga kitambaa kama wao, ana kiondo kilichoanza kupinda upande, anakisuka kwa mkono mmoja na nusu. Walimwita Mwende. Alikuwa mama yangu.

Walikuwa wakikaa naye kwa zamu, wiki kwa huyu, wiki kwa yule, namna vikundi vya wanawake vinavyozungukiana kusaidiana. Jirani akimwona mgeni na katani mkononi hakushangaa, kikundi ndivyo kilivyo. Na hakuna Mjaluo ambaye angefikiria kumtafuta mkewe kwa Wakamba. Baba alikuwa na akili, lakini alitafuta kwa ukoo.

Nilikuwa nimepanga kumuuliza kwa nini aliniacha. Jibu nililipata ukubwani, kwamba mtoto wa mgongoni hakuna anayemuulizia, lakini wa shule angetafutwa siku hiyo hiyo. Mama alinivuta akanishika uso, akaona juu ya jicho langu pale palipokuwa bado pamevimba. Akaniuliza nimefanya nini.

"Nilianguka," nikamwambia.

Sikupanga kusema hivyo. Nilitaka tu asirudi. Mama alinitazama. Akainuka, akaanza kutafuta viatu, akisema anarudi Gatwekera sasa hivi, heri baba amuue yeye awaache watoto. Wanawake wakamshika. Mama Kyalo akasimama mlangoni.

"Sikiza, Mwende. Nimemleta ndio umuone uwe na nguvu, sio ndio urudi. Ukirudi leo, nitazika wewe na huyu. Nipe wiki mbili, shule zifungwe. Mtoto akipotea leo na mimi ndiye nilimbeba, baba yake anafika hapa kesho."

Mama akauliza nani atanilinda wiki mbili hizo. Mama Kyalo akajibu kwamba mchi bado anao. Hakuna aliyecheka. Wakakubaliana kwamba kila jioni baba akiwa nyumbani Mama Kyalo atanihitaji nimshikie uzi, na ndivyo ilivyokuwa. Nilishibisha macho yangu kwa mama na kwa Ouma muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha nikarudi na katani kichwani kwa mtu ambaye nilijua sasa anachoweza kufanya, nikiwa na jambo mdomoni ambalo lingeweza kumuua mama yangu.

Tulipona, msiwe na wasiwasi. Shule zilipofungwa nilitumwa dukani na Mama Kyalo, na mwanamke nisiyemjua akanishika mkono akanipeleka kwa mama. Kadi ya muuguzi ilitusaidia baadaye, tulipopata mtu wa sheria aliyekubali kuisoma. Mkono wa mama haukunyooka tena, lakini vyondo vyake vilinyooka. Huwa naulizwa na wasichana kazini, wale wanaokuja na hadithi za kuanguka ngazini na kujigonga milangoni, wafanye nini. Nawaambia watafute mtu mmoja wa kuanza naye, na asiwe lazima mtu wa kwao.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Jumapili moja, katikati ya wiki mbili hizo. Baba alisimama kanisani akaomba maombi kwa ajili ya mkewe aliyepotea. Alilia mbele ya kwaya yake, na wanawake wakalia naye. Mhubiri akasema Mungu husikia watoto kuliko watu wazima, mtoto aje mbele. Baba akanishika mkono tukaenda. Akaniwekea kiganja kichwani, kizito, chenye joto. Nikafumba macho nikaomba kwa sauti, Mungu mrudishe mama yangu nyumbani, mrudishe haraka. Kanisa lote likasema amina. Na chini ya maneno hayo, bila kusogeza midomo, niliomba kwa nguvu zangu zote asirudi, asirudi kamwe, hata nikibaki peke yangu.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Baba alichuchumaa akanifunga kamba ya kiatu, macho yake bado mekundu, akaniuliza kama naamini Mungu amenisikia. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa nikimdanganya.